Hedhi ya kawaida ni ipi, na damu ya matone ina maana gani?

Mwanamke akiona damu tarehe 2, kisha akaiona tena tarehe 28 ya mwezi huohuo, mara nyingi hushtuka na kusema ameingia mara mbili kwa mwezi. Hana tatizo. Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, si kuanzia siku damu ilipokatika, na wala haufuati kalenda ya ukutani. Kwa huyu ni siku 26. Vigezo vya FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, vinahesabu kuwa kawaida mzunguko wa siku 24 hadi 38, damu isiyozidi siku 8. Zile siku 28 tulizofundishwa shuleni ni makadirio tu, na wanawake wengi wazima wa afya hawazipati.

Mzunguko kupishana siku chache mwezi hadi mwezi si ugonjwa. Msichana aliyevunja ungo karibuni anaweza kuyumbayumba kwa miaka miwili mitatu, na mwanamke anayekaribia kukoma hedhi naye huyumba.

Penye utata ni kiasi cha damu, kwa sababu hakuna anayeipima. Wataalamu husema hedhi ya kawaida huwa mililita 30 hadi 40, yaani vijiko vikubwa viwili au vitatu, na ikizidi 80 ni nzito. Nyumbani unaisoma kwenye pedi. Pedi ikilowa chapachapa kila baada ya saa moja, kwa saa mbili au tatu mfululizo, hiyo ni nyingi. Vivyo hivyo ukilazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja, ukiamka usiku kubadili na bado shuka limechafuka, au ukitoa mabonge yenye upana unaozidi sentimita 2.5.

Hapa ndipo wengi hunyamazishwa kwa kuambiwa, "Kwetu ndivyo tulivyo, hata mama yako alikuwa hivyo." Binti akiambiwa hivyo, napenda aulizwe na mengine. Je, hutokwa damu puani mara kwa mara? Fizi humvuja akipiga mswaki? Aling'olewa jino damu ikachelewa kukata? Yapo matatizo ya kurithi ya damu kutoganda vizuri, kama ugonjwa wa von Willebrand, na dalili yake ya kwanza kwa msichana inaweza kuwa hedhi nzito tangu ile ya mwanzo kabisa. Mama, shangazi na binti kutoka damu nyingi inaweza kuwa ndiyo sababu ya kwenda kupima. Kwa wanawake wa miaka 30 na 40, sababu inayopatikana mara nyingi ni fibroidi, uvimbe wa kwenye kizazi usio saratani, na huonekana kwa kipimo cha ultrasaundi.

Hedhi nzito ya miezi mingi humaliza madini ya chuma mwilini. Mtu anachoka bila kazi, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, na wengine hushikwa na hamu ya kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi. Anayenunua udongo sokoni kila siku, na huku hedhi yake ni nzito, apimwe wingi wa damu.

Matone ni jambo jingine. Ni damu kidogo, nyekundu, ya waridi au ya kahawia, inayoacha doa kwenye chupi bila kuhitaji pedi, nje ya siku za hedhi. Wapo wanaoiona katikati ya mzunguko yai linapopevuka, ikakatika yenyewe. Wanaotumia sindano ya miezi mitatu au kijiti cha uzazi wa mpango huiona sana miezi ya mwanzo, na baadaye hedhi inaweza kukoma kabisa. Damu hiyo haijikusanyi tumboni, kama inavyosemwa mitaani. Ukuta wa ndani wa kizazi umekuwa mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Kitanzi cha shaba, kinyume chake, huweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi. Njia ikikusumbua, rudi kwa mtoa huduma mzungumze kabla ya kuiacha kimyakimya.

Yapo matone ambayo hayangojwi. Siku zako zikichelewa kisha ukaona matone, anza na kipimo cha mimba. Yakija na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na ikipasuka damu humwagika ndani, ambako huioni.

Damu inayokuja baada ya tendo la ndoa huelekeza macho kwenye mlango wa kizazi. Huenda ni maambukizi kama klamidia, ambayo yana dawa. Huenda pia ni dalili ya saratani, na kwa Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Hivyo muuguzi aambiwe wazi kwamba damu hutoka baada ya tendo, ingawa kulitamka kuna aibu yake.

Na mwanamke aliyekaa miezi 12 mfululizo bila hedhi kwa sababu ya umri, akiona damu tena, hata doa moja, asifurahi kwamba ujana umerudi. Mara nyingi chanzo ni ukavu na wembamba wa ngozi ya ukeni au ya ndani ya kizazi. Lakini saratani ya kizazi nayo hujitangaza hivyo, na kwa kawaida hujitangaza mapema, ingali inatibika. Daktari atapima unene wa ukuta wa kizazi kwa ultrasaundi, na akiona haja atachukua kinyama kidogo kikachunguzwe maabara.