Je, wajua kwa nini kinga ya mwili haiui minyoo ya kichocho?

Huku Ziwa Victoria jibu la haraka lipo siku zote: kinga ya mtu imeshuka, ale vizuri, apige supu ya sato, kinga ikipanda minyoo watatoka wenyewe. Sio kweli hata kidogo. Mvuvi wa Ukerewe mwenye kifua kama mlango, anayevuta nyavu usiku kucha na hajui hata mafua, anaweza kuwa na minyoo ya kichocho miaka mitano hadi kumi na kinga yake iko fiti kabisa. Afu minyoo wenyewe hawajajificha popote, hawako kwenye chakula tumboni kama wale wengine tunaowajua, wako ndani ya damu, kwenye mishipa inayotoka utumbo kwenda ini, na kila mmoja ana urefu wa kama sentimita moja. Kwa hiyo siyo kwamba kinga haijawafikia, inapita nao kila sekunde. (Na kama unasema "mi sikojoi damu, sina kichocho", hicho ni kile kingine cha madimbwi ya huko Misungwi na Kwimba, cha ziwani kinakula utumbo na ini.)

Kuingia kwao wengi tunakujua: konokono wa ziwani anaachia majini vijidudu vyenye mkia, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, mkia unabaki nje, vinapita mapafu mpaka ini, vinakua. Dume anajikunja anamshika jike kwenye mfereji wa mwili wake na hamwachii tena, jike anataga kama mayai 300 kwa siku.

Sasa wanaponaje? Chukulia Simba na Yanga pale CCM Kirumba, shabiki wa Simba kajikuta jukwaa la Yanga, akibaki na nyekundu yake atachapwa, ila akipata jezi ya njano hapo hapo anakaa dakika 90 na hamna wa kumgusa. Mnyoo anafanya hivyo hivyo, anachukua molekuli za mwenye damu, hadi zile za grupu la damu A na B, anazivaa kwenye ngozi yake. Mwaka 1969 watafiti Smithers, Terry na Hockley kule Uingereza waliipima hiyo jezi: walitoa minyoo waliokulia kwa panya wakawapandikiza kwa kima. Kima wa kawaida walikaa nao, minyoo wakasimama kutaga kwa muda, wakabadili jezi, wakaendelea na kazi. Lakini kima waliokuwa wameshachanjwa dhidi ya damu ya panya waliwaua, maana jezi ya panya walikuwa wanaijua! Majaribio machache yananifurahisha kama hilo.

Jezi siyo kila kitu ila, ngozi yenyewe ni ngumu, ina utando mara mbili na inajirudishia. Na vijidudu vipya ambavyo havijapata jezi vinaweza kuuawa huku minyoo wakongwe wenye jezi wakiendelea kustarehe, hilo limeonekana kwa wanyama. Kwa binadamu tunakisia tu kutokana na watu wazima kuambukizwa tena kidogo kuliko watoto, hamna wa kumpasua mtu ahesabu minyoo.

Kituko kikubwa ni kwamba mnyoo anaihitaji hiyo kinga. Yai liko kwenye mshipa, halina miguu, na linatakiwa litoke nje pamoja na choo. Seli za kinga zikilizunguka na kuchokonoa ukuta wa utumbo ndo linapata njia. Panya wasio na kinga wanatoa mayai machache sana. Mwaka 1997 ikaripotiwa kuhusu waosha magari wa ufukweni Kisumu, wenye VVU walitoa mayai machache kuliko wenzao wenye minyoo wingi ule ule. Ni kundi dogo la watu, nisilivute mbali.

Mayai yanayokosa njia yanasombwa hadi ini, na huko kinga ile ile inayazungushia makovu, damu inakosa pa kupita, bandama inavimba, mtu anaishia kutapika damu. Yaani uharibifu mwingi ni wa kinga yenyewe, huyo mnyoo mzima hana makuu.

Dawa nayo inaipiga jezi hiyo hiyo: prazikwanteli, vile vidonge vikubwa vichungu vya kichocho vinavyotolewa shuleni, inachubua ngozi ya mnyoo, jezi inachanika na kinga inamalizia. Kwa panya wasiotengeneza kingamwili (protini za kinga zinazomnata adui) dawa inafanya kazi vibaya. Na haiui minyoo wachanga, kwa hiyo aliyeoga ziwani wiki mbili kabla ya kumeza anabaki nao wanaendelea kukua, ndo sababu wataalamu wengine wanarudia dozi baada ya wiki kadhaa.