Je, wajua kwa nini gari la misuli la zamani huchomoka zaidi likiwekewa injini yenye farasi pungufu?

Chukua Chevrolet Chevelle SS ya mwaka 1970 yenye injini ya LS6, ile ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4. Kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 450. Sasa ing'oe injini hiyo na mahali pake uweke LS3, injini ya lita 6.2 iliyoingia sokoni ndani ya Corvette ya mwaka 2008 ikiwa na farasi 430. Kwa hesabu ya makaratasi, gari limepoteza farasi 20 na zaidi ya lita nzima ya ujazo. Likikanyagwa, linachomoka kuliko lilivyokuwa likitoka kiwandani.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba injini mpya ina kompyuta. Wengine husema ni nyepesi, kwa kuwa bloku na silinda hedi zake ni za alumini, ilhali za LS6 ni za chuma cha kusubu. Yote mawili ni kweli na yana mchango wake. Sababu kubwa zaidi ni nyingine: 450 ya mwaka 1970 na 430 ya mwaka 2008 hazikupatikana kwa kipimo kimoja. Anayezilinganisha anachukua namba mbili zilizohesabu vitu viwili tofauti.

Historia ya magari ya misuli ni fupi. Wengi huanzia kwenye Pontiac GTO ya mwaka 1964, pale mafundi wa Marekani walipochukua injini kubwa ya silinda nane iliyozoeleka kwenye magari makubwa na kuitia kwenye bodi ya ukubwa wa kati. Chrysler, Ford na kampuni dada za Pontiac ndani ya General Motors zikafuata, na kwa miaka michache viwanda vikashindana kwa namba za farasi kwenye matangazo. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mbio hizo zilikuwa zimekwisha. Leo magari hayo hufufuliwa kwa njia mbili: kuyarudisha kama yalivyozaliwa, au kuyaachia sura ya zamani na kuyapa viungo vya kisasa. Swali letu linahusu njia ya pili.

Nguvu ya injini hupimwa kwa dainamomita, mtambo unaokinza mzunguko wa kranki shafti na kusoma injini inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Hadi mwaka 1971, namba iliyotangazwa Marekani ilikuwa nguvu ghafi. Injini iliwekwa kwenye mtambo ikiwa haina feni, haina kichujio cha hewa, na alteneta haifanyi kazi. Badala ya eksozi ya gari pamoja na sailensa zake, moshi ulitoka kwenye mabomba mapana ya chumba cha majaribio. Muda wa cheche na mchanganyiko wa petroli vilirekebishwa mpaka vitoe matokeo bora kabisa. Kuanzia magari ya mwaka 1972, viwanda vikahamia kwenye nguvu halisi: injini hupimwa ikiwa imevaa kila kitu itakachokuwa nacho ndani ya gari.

Ni sawa na mshahara ulioandikwa kwenye mkataba na ule unaoingia mkononi mwisho wa mwezi. Namba ya mkataba si ya uongo, ila hakuna anayekwenda nayo dukani. Kodi inachukua fungu lake, pensheni lake, bima lake, na kinachobaki ndicho kinacholisha nyumba. Kwenye injini, kato la kwanza ni feni. Ile ya zamani ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, na nguvu inayohitaji feni hupanda haraka mno: mizunguko ikiongezeka mara mbili, mahitaji yake huongezeka mara nane. Maana yake feni hula zaidi kwenye mizunguko ya juu, palepale ambapo injini hufikia kilele cha farasi wake. Kato la pili ni eksozi, kwa sababu moshi unaobanwa kutoka huilazimisha pistoni kufanya kazi ya kuusukuma na huacha nafasi ndogo kwa hewa mpya. Kichujio cha hewa kinakata chake, alteneta chake, na muda wa cheche uliowekwa kwa ajili ya barabara badala ya maonyesho nao unakata chake.

Mwaka 1971 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilichapisha namba zote mbili kwa injini zilezile, na hapo ndipo ukubwa wa makato unapoonekana bila ubishi. Tazama injini ya kawaida ya Corvette, inchi za ujazo 350. Mwaka 1970 ilitangazwa farasi 300. Mwaka 1971, farasi 270. Mwaka 1972, farasi 200. Ukisoma safu hiyo peke yake utaona theluthi nzima ya nguvu imeyeyuka ndani ya miaka miwili. Lakini injini ya mwaka 1971, iliyotangazwa 270 ghafi, ilitangazwa pia 210 halisi. Kwa hiyo anguko la kwanza, farasi 30, lilikuwa la kweli: mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda kabla ya kuwaka, ulishushwa kutoka 10.25 kwa 1 hadi 8.5 kwa 1 ili magari yaweze kutumia petroli yenye risasi kidogo, kwa maandalizi ya sheria za hewa safi. Anguko la mwisho, kutoka 210 hadi 200, nalo lilikuwa la kipimo kimoja kwa kipimo kimoja. Farasi 60 wa katikati hawakupotea popote. Hawakuwahi kuwemo ndani ya gari.

Hapa ndipo simulizi maarufu linapokosea. Husemwa kwamba uhaba wa mafuta ndio uliozinyonga injini za Marekani. Vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilianza Oktoba 1973, na magari ya mwaka 1972 yalikuwa madukani tangu majira ya vuli ya 1971. Namba zilianguka miaka miwili kabla ya foleni za petroli. Uhaba ule uliumiza mauzo ya magari makubwa, na sheria za uchafuzi ziliendelea kupunguza nguvu kwa miaka kadhaa baadaye, lakini lile poromoko la mwaka 1972 ambalo kila mtu hulinyooshea kidole lilikuwa kwa sehemu kubwa badiliko la hesabu.

Mtu angetamani sasa apewe asilimia moja ya kukata ili ageuze kila namba ya zamani kuwa halisi. Haipo. LS6 ya mwaka 1971 ilishuka kutoka 425 ghafi hadi 325 halisi, karibu robo nzima. LT-1 ya mwaka huohuo, injini kali zaidi ya inchi 350, ilishuka kutoka 330 hadi 275, sehemu moja ya sita. Hemi ya Chrysler ya inchi 426 ilikuwa 425 ghafi na 350 halisi. Wafanyakazi wawili wenye mshahara sawa kwenye mkataba huondoka na pesa tofauti kwa sababu mmoja ana mkopo na mwingine hana. Vivyo hivyo, injini yenye eksozi nyembamba hukatwa zaidi kuliko yenye eksozi pana.

Kuna jambo jingine la kuchunga. Namba ghafi haikuzidishwa siku zote. Corvette ya mwaka 1967 ilikuja na injini mbili za inchi 427 zinazovutia sana zikiwekwa pamoja: L71, ya barabarani, ilitangazwa farasi 435, na L88, iliyojengwa kwa ajili ya mashindano ikiwa na mgandamizo wa 12.5 kwa 1, ikatangazwa 430. Injini kali zaidi ikapewa namba ndogo zaidi. Kwa hiyo anayesoma brosha ya zamani asikate tu. Lazima aulize injini ipi, na namba yake iliandikwa kwa faida ya nani.

Turudi kwenye Chevelle yetu. LS6 ya mwaka 1970 haikupewa namba halisi na kiwanda. Ukiikata kwa uwiano uleule wa ile ya mwaka 1971, farasi 450 wanakuwa kama 344. Ilikuwa na mgandamizo mkubwa kuliko ile ya mwaka uliofuata, basi tuifanyie ukarimu na kuikata sehemu moja ya sita tu, kama LT-1: inapata 375. Kwa hesabu zote mbili, LS3 yenye 430 halisi imeiacha nyuma kwa zaidi ya farasi 50.

Hesabu ikishanyooshwa, linabaki swali la uhandisi: inawezekanaje injini ndogo itoe zaidi? Mfano mzuri ni LS1 ya mwaka 1997, baba wa familia ya LS iliyoizaa LS3 (LS6 ya mwaka 1970 haimo, ingawa majina yanafanana), kwa sababu ina lita 5.7, ukubwa uleule wa zile injini za inchi 350. Ilitangazwa farasi 345 halisi, mbele ya 275 za LT-1. Tena umbo lake ni la kale: kamshafti moja ndani ya bloku, fito za kusukumia valvu, valvu mbili kwa kila silinda. Wanaodhani mpangilio huo umepitwa na wakati watazame namba hizo.

Kilichobadilika zaidi ni njia ya hewa. Petroli ni rahisi kuongeza. Shida ni hewa, kwa sababu kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ndogo za Chevrolet za zamani zilikuwa na njia za kuingizia hewa zilizopangwa mbili mbili, zikibanana na kukunjwa kupisha fito za valvu. Kwenye LS kila silinda ina njia yake iliyonyooka zaidi, zote zimepangwa kwa nafasi sawa, na kamshafti husukuma valvu kupitia vigurudumu vidogo vinavyoruhusu valvu ifunguke haraka na kubaki wazi inavyotakiwa.

Mgandamizo ni sehemu ya pili. LS6 ya mwaka 1970, yenye 11.25 kwa 1, ilitegemea petroli yenye risasi ili isigonge, yaani mchanganyiko usilipuke wenyewe ndani ya silinda, na petroli hiyo ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani Marekani tangu Januari 1, 1996. LS3 hufanya kazi kwa 10.7 kwa 1 bila risasi. Alumini huondoa joto haraka, umbo la chumba cha kuunguzia ni bora, na sensa iliyofungwa kwenye bloku husikia injini inapoanza kugonga; kompyuta ikachelewesha cheche nyuzi chache kisha ikairudisha. Mtambo wa cheche wa zamani uliwekwa mara moja, na ulipaswa kuwekwa kwa tahadhari ya siku mbaya kuliko zote.

Kompyuta hiyo, hata hivyo, hupewa sifa kupita kiasi. Kabureta nzuri iliyorekebishwa na fundi anayejua kazi yake hukaribia sana nguvu ya juu inayopatikana kwa sindano za petroli. Faida ya sindano iko kwingine: injini kuwaka asubuhi ya baridi, kupanda mlima bila mchanganyiko kuharibika, na kila silinda kupata kipimo chake badala ya nane kugawana kutoka mdomo mmoja. Gharama yake ni kwamba mfumo wa mafuta lazima uanze upya. Kabureta hutosheka na shinikizo la psi 6 au 7. LS hutaka takriban 58. Ndiyo maana tangi la asili hubadilishwa au kukatwa, pampu ikawekwa ndani yake pamoja na kuta za kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja kwenye kona na kuiacha pampu ikivuta hewa.

Kutoelewa hesabu ya farasi huleta hasara hapa. Mwenye gari hujiambia: giaboksi na difu vilihimili 450, basi 430 si tatizo. Vile viungo havikuwahi kuiona 450. Zaidi ya hapo, matairi ya zamani yalikuwa membamba na magumu, yakiteleza kila injini ilipovuta, na kuteleza huko kuliziokoa shafti. Matairi mapana ya leo yanang'ang'ania lami, na mvuto wote unaishia kwenye meno ya difu. Kwa hiyo mjenzi makini huweka difu nzito, giaboksi ya gia sita, na breki za diski badala ya ngoma. Nishati inayopaswa kuuawa na breki huongezeka kwa mraba wa mwendo, na ngoma hufungia joto ndani mpaka breki zilegee.

Atakayepeleka gari lililokamilika kwenye dainamomita ya magurudumu asishtuke kuona chini ya 430. Nguvu halisi bado hupimwa kwenye kranki shafti, na giaboksi, shafti na difu hukata fungu lao kabla ya tairi. Na ile LS6 iliyong'olewa isiuzwe kama chuma chakavu: Chevrolet iligonga kwenye bloku tarakimu zinazoifungamanisha na gari lake, na LS hufungwa kwa vibati vya kuunganishia kwenye sehemu zilezile za chesisi bila kuikata, hivyo injini ya asili inaweza kurudi siku yoyote mwenyewe atakapotaka.