Kumtafuta Mungu si kufunga duka

Wapo Wakristo hapa Unguja wanaodhani kumtafuta Mungu kwa bidii ni kuacha kazi, kukesha mpaka sauti ikauke na kufunga siku nyingi. Asiyefanya hivyo, eti kapoa.

Aya inayotajwa sana ni Yeremia 29:13: wakimtafuta kwa moyo wote, watamwona. Lakini ile ni barua kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli. Juu kidogo, aya ya 5 hadi ya 7, watu haohao wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji ule wa ugenini. Ukisoma aya ya 13 peke yake, umeikata barua katikati.

Namjua mama mmoja muuza ndizi Mwanakwerekwe. Alfajiri, mikungu haijashushwa, husimama kando ya gari, kanga kichwani, akasali kimya dakika mbili tatu. Kisha hupanga chane zake, na iliyoanza kuoza huiweka juu mteja aione. Isaya 58 nayo huipima saumu kwa mkate anaomegewa mwenye njaa, si kwa kichwa kilichoinamishwa.

Mikesha mimi mwenyewe huenda, tena naipenda. Ila nabii Eliya pale mlima Horebu hakumkuta Bwana katika upepo wala tetemeko. Sauti ilikuja ndogo, ya utulivu.