"Sasa Mnajuaje Nani wa Kwanza?" Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kozi za Uandishi Zisizo na Maksi

"Sasa mnajuaje nani wa kwanza?" Mjomba wangu aliniuliza hivyo siku nilipomweleza kwamba kozi ya uandishi niliyokuwa nikisaidia kufundisha Marekani haitoi maksi kwenye insha. Nikamwambia hatujui. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ada wanalipa.

Simlaumu. Aliyesoma Tanzania ukimwambia "pointi saba" hahitaji tafsiri, na matokeo ya kidato cha nne humfuata mtu mpaka kwenye maongezi ya harusi yake. Lakini mengi yanayosemwa kuhusu kozi hizi hayafanani na kinachotokea darasani, na hapo nawahesabu wanaozibeza na wanaozishangilia pia. Kozi ninayoizungumzia ni ile ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Vyuo vingi vya Marekani humtaka kila mwanafunzi aipite, awe anasomea uhandisi au muziki.

"Hakuna maksi, kwa hiyo hakuna kufeli"

Kufeli kupo. Muhula ukiisha mwalimu anapeleka gredi kwa msajili kama walimu wenzake: A, B, C, mpaka F. Kilichoondolewa ni maksi za njiani, ile 14 kwa 20 juu ya insha, ile nusu iliyokatwa kwa sababu ya koma. Gredi ya mwisho hutafutwa kwa njia nyingine, na njia zenyewe si moja.

Iliyozoeleka zaidi katika uandishi ni mkataba. Mwaka 2009 Peter Elbow na Jane Danielewicz, walimu wa uandishi vyuoni Marekani, walichapisha makala kuhusu mkataba wao: mwanafunzi akitimiza orodha ya mambo, B ni yake. Orodha hiyo si ya mzaha. Hudhuria, wasilisha kwa wakati, fanya mazoezi yote hata yale madogo, toa maoni ya maana kwa maandishi ya wenzako, na unaporekebisha rasimu, uirekebishe kweli na si kusafisha tahajia tu. Anayetaka kuzidi B, hapo ndipo ubora wa maandishi unaanza kupimwa. Anayeacha mambo ya kwenye orodha anashuka.

Asao Inoue, mwalimu mwingine wa uandishi huko huko, alikwenda mbali zaidi. Mkataba wake unahesabu kazi mtu aliyoifanya, na gredi haipandi kwa sababu sentensi zako zinang'aa. Hoja yake ni kwamba kinachoitwa Kiingereza bora chuoni mara nyingi ni Kiingereza cha nyumbani kwa watu fulani, Wazungu wa tabaka fulani, kwa hiyo aliyekikuta mezani kwa wazazi wake anapewa maksi za urithi. Mswahili aliyejifunza Kiingereza shuleni, tena kwa kukatazwa kuongea lugha yake, hahitaji kuelezwa sana jambo hilo, ingawa si lazima akubaliane na dawa aliyoitoa Inoue.

Njia ya tatu ni ya vigezo, ambayo Linda Nilson aliitangaza katika kitabu chake cha mwaka 2015. Kazi ama imekidhi vigezo ama bado. Tuseme vigezo ni hivi: dai la insha lieleweke kabla ya aya ya pili kwisha, vyanzo visipungue vinne, na kila chanzo kijibiwe, kisiishie kunukuliwa. Hakuna kukidhi kwa asilimia 70. Gredi inategemea fungu la kazi ulilokamilisha. Fungu la A lina kazi nyingi au ngumu kuliko la C. Mwanzoni mwa muhula kila mtu anapewa tokeni chache za kununulia marudio au siku za kuchelewa, na wapo wanaozibania mpaka wiki ya mwisho kama vocha ya simu.

Katika njia hii Kiswahili kimetangulia. Wenzetu wanahitaji maelezo marefu kumfanya mwanafunzi asione kwamba "bado" ni jina la adabu la kufeli. Sisi tuna silabi moja: "hukufaulu" imefungwa, "hujafaulu" iko wazi. Nilimweleza hivyo kijana mmoja wa Mombasa aliyekuja ofisini amenuna, akacheka, akachukua karatasi yake akaondoka.

"Kurudia kazi ni sapu iliyopewa jina zuri"

Sapu huja baada ya mambo kuharibika. Unakatisha likizo, unafanya mtihani ule ule, na mara nyingi hata ukiandika vizuri namna gani daraja halivuki C. Ni faini. Katika kozi hizi marekebisho ndiyo kozi yenyewe. Rasimu ya tatu inasomwa kama ilivyo, haikatwi kitu kwa sababu ya kwanza ilikuwa mbovu. Na ya kwanza huwa mbovu, hata yangu hii ilikuwa hivyo.

"Namba haina upendeleo, maneno ndiyo yana"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na mimi mwenyewe niliiamini kwa miaka mingi. 14 ni 14. Haina shemeji wala haijui unatoka mkoa gani.

Mwaka 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walichukua karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza zilizoandikwa na wanafunzi wa sekondari, wakazinakili na kuzituma kwenye shule nyingi ili walimu wazisahihishe kwa mizani ya 100. Walimu 142 walirudisha majibu yaliyofaa. Karatasi moja, ile ile, ilipata kuanzia 64 hadi 98. Nyingine ilishuka hadi 50 kwa mwalimu mmoja na kupanda karibu na 100 kwa mwingine. Watu wakasema hayo ni ya lugha, lugha haina jibu moja. Mwaka uliofuata wakatuma karatasi ya jiometria, na tofauti ikawa kubwa zaidi: kutoka 28 hadi zaidi ya 90. Mwalimu mmoja anakata kwa sababu mchoro mchafu, mwingine anaangalia jibu tu.

Nusu karne baadaye, mwaka 1961, Paul Diederich na wenzake wawili walitoa ripoti ya jaribio kubwa zaidi. Insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni zilisomwa na watu 53: walimu wa fani mbalimbali, wanasheria, waandishi na wahariri, watu wa biashara. Kila msomaji aliweka insha katika ngazi moja kati ya tisa. Insha 101 zilipata ngazi zote tisa. Yaani kuna msomaji aliyeona insha hiyo ni ya mwisho kabisa na mwingine aliyeiona ya juu kabisa, na katikati hapakubaki ngazi tupu. Hakuna hata insha moja iliyopata ngazi chini ya tano tofauti.

Hapa watetezi wa kuondoa maksi hupenda kuishia, kana kwamba kesi imekwisha. Haijaisha. Diederich hakuhitimisha kwamba insha hazipimiki. Alitazama wasomaji wanatofautiana kwa nini, akaona makundi: hawa wanatazama mawazo, hawa makosa ya sarufi, hawa mpangilio, hawa uteuzi wa maneno. Ukiwakalisha pamoja na kuwapa vigezo vya kufuata, tofauti zinapungua. Wasahihishaji wa mitihani ya taifa wanalijua hilo. Ndiyo maana wanakubaliana kwanza kuhusu mwongozo kabla ya kugawana karatasi.

Ninachochukua mimi katika matokeo hayo ni kidogo, lakini kinatosha. 14 ina upendeleo ule ule ulio katika maneno, ila umekunjwa usionekane. Nikikuandikia "aya yako ya tatu inarudia ya pili, na mfano wa mvua haujibu swali lako", unaweza kunibishia. Unaweza kunionyesha sentensi niliyoiruka. Namba utaibishiaje? Utasema ni 15, nami nitasema ni 14, kisha tutaachana tukiwa na kinyongo na insha ikiwa vile vile.

"Ni mtindo wa juzi juzi"

Kilicho cha juzi ni maksi. Mwaka 1785 mkuu wa chuo cha Yale huko Marekani, Ezra Stiles, aliwagawa wanafunzi wake katika makundi manne kwa maneno ya Kilatini, bila namba. Mfumo wa herufi zenye asilimia nyuma yake ulionekana katika chuo cha Mount Holyoke mwaka 1897, na hapo kufeli kuliandikwa E. F ilikuja baadaye. Evergreen State College huko Olympia, jimbo la Washington, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 na ikachagua kuandika tathmini za maneno badala ya gredi. Chuo Kikuu cha California tawi la Santa Cruz kilianza hivyo hivyo mwaka 1965, lakini mwaka 2000 wahadhiri wake walipiga kura gredi ziwe za lazima. Kwa hiyo si kweli pia kwamba kila anayejaribu anabaki huko.

"Mwalimu anakwepa kusahihisha"

Tupige hesabu. CCCC, chama cha walimu wa uandishi vyuoni Marekani, kinashauri darasa lisizidi wanafunzi 20, na mwalimu mmoja asiwe na zaidi ya 60 kwa muhula. Mpe hao 60, insha nne kila mmoja, rasimu mbili kila insha: usomaji 480. Kila rasimu dakika 20 za kusoma na kuandika maoni, ni saa 160, na hujaingia darasani wala hujaonana na mtu ofisini. Kuandika 14 na kuizungushia duara ni sekunde mbili. Kila mwenye kalamu nyekundu anajua kazi nyepesi ni ipi.

"Ukiondoa fimbo watalala"

Wapo wanaolala. Katika darasa nililosaidia kulikuwa na waliotoweka wiki ya sita na kurudi wiki ya kumi na nne na tabasamu. Wapo kwenye madarasa yenye maksi pia.

Lakini kuna jambo ambalo utafiti mmoja wa Ruth Butler, uliotoka mwaka 1988, unalionyesha vizuri. Ulifanywa kwa watoto wa shule nchini Israel, si wanachuo, kwa hiyo usiubebeshe mzigo mkubwa. Baadhi walipewa maoni tu, baadhi maksi tu, baadhi vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliobaki na hamu ya kazi na kufanya vizuri zaidi raundi iliyofuata. Mtu angetarajia waliopata maksi na maoni wawe juu, au angalau katikati. Walifanana zaidi na waliopata maksi tu.

Sikushangaa, kwa sababu nilikuwa mtoto wa aina hiyo. Nilikuwa nikirudishiwa daftari la insha nafungua ukurasa wa mwisho, naangalia namba, naangalia ya jirani, nafunga. Kama mwalimu aliandika kitu pembeni, Mungu anajua alichoandika.

"Basi huu ndio mfumo wa haki"

Dhana hii ni ya upande wa pili, na huwa haihojiwi vya kutosha. Kama gredi inafuata kazi iliyofanywa, na kazi inapimwa kwa saa, swali ni nani mwenye saa. Mwanafunzi anayeosha vyombo mgahawani usiku, mwenye mtoto mchanga, mwenye ulemavu au ugonjwa unaomfanya asome taratibu, hana saa sawa na anayelipiwa kila kitu. Ellen Carillo aliandika dhidi ya mikataba ya saa kwa hoja hiyo, hasa kuhusu wenye ulemavu, na kwa maoni yangu hajajibiwa ipasavyo. Umeondoa urithi wa lugha, umeweka urithi wa muda.

Na tangu programu za kuandika insha zijae kwenye simu, mkataba wa saa umepata tundu jingine: nani anajua saa hizo zimetumikaje? Kozi zenye mazungumzo ya ana kwa ana juu ya rasimu zina ahueni. Mtu aliyeandikiwa hukwama kwenye swali la pili.

"Mwajiri na ufadhili vitampita"

Hapana. Hati ya matokeo ina gredi ile ile ya kawaida. Hakuna anayeona mlifikaje hapo.

"Kwetu haiwezekani"

Kwa sehemu ni kweli, na sipendi makala zinazojifanya hazijui hali. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 wa stadi za mawasiliano, na alama za mwisho zilizokwisha kugawanywa 40 za kozi na 60 za mtihani, hawezi kusaini mikataba 300 wala kusoma rasimu 600.

Ila rafiki yangu anayefundisha chuo kimoja cha pwani alichukua kipande kimoja tu. Anasahihisha zoezi la kwanza kama kawaida, anajaza maksi kwenye daftari lake, kisha anarudisha karatasi zikiwa na sentensi mbili za maoni na hazina namba. Namba anazibandika wiki moja baadaye. Mara ya kwanza walituma ujumbe kwa kiongozi wa darasa kwamba mwalimu amesahau. Hakuwajibu. Siku ya tatu wanafunzi wanne walikuwa mlangoni kwake, wameshika karatasi, wanauliza ile sentensi ya pili ilimaanisha nini.