Doa jeupe halimo kwenye mbao

Meza nyingine imeingia karakana ikiwa imekwanguliwa kwa msasa namba 80, eti kuondoa alama ya kikombe cha moto. Juu ilikuwa vinia (utando mwembamba wa mbao uliogundishwa), ambayo mara nyingi haifiki hata milimita 1. Alama imetoka, ndiyo, pamoja na vinia.

Jamani, doa jeupe halimo kwenye mbao. Limo ndani ya koti la juu, yaani ule utando mgumu unaopakwa kuilinda mbao, hasa la aina ya shelaki au laka. Joto hulilainisha, unyevu hupenya na kuacha vitundu vidogo mno. Mwanga ukitawanyika humo, wewe unaona weupe. Mbao iko salama. Doa jeusi ndilo lililoshuka: maji, chuma na tanini (kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao) vimekutana. Hilo linataka kuvua koti lote na kupaka asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu. Nitaliandikia siku nyingine.

Sasa hii mayonezi mnayoambiana ni dawa ya doa jeupe. Unapaka, unalala, asubuhi doa limefifia, unashangilia. Kilichofanya kazi ni mafuta: yamejaza vile vitundu, mwanga ukapita. Mafuta ya fanicha yangefanya hivyohivyo, bila yai wala siki. Dawa ya meno nayo ni msasa laini wenye harufu ya mnanaa. Doa la juujuu itaondoa, ila kwenye meza inayong'aa itakuachia baka lililopauka, kisha unaniuliza doa limerudije.

Na hakuna anayeuliza koti ni la nini! Tia tone la spiriti pembeni pasipoonekana. Koti likinata upesi, ni shelaki. Lisiponata, jaribu thina ya laka. Ikigoma nayo, huenda ni poliurethani, koti gumu la plastiki, na hiyo ni nadra kupata doa jeupe.

Pasi juu ya kitambaa? Kuna inapofaulu, kuna inapoeneza weupe, na kwa kutazama tu siwezi kukwambia itakuwaje. Ndiyo maana mimi huanza kwa kungoja siku moja mbili. Alama changa ya maji huweza kukauka yenyewe. Isipotoka, mafuta. Mafuta yakishindwa, na koti ni shelaki au laka, spiriti: kitambaa kiwe na unyevunyevu tu, kipite kama unapangusa vumbi, kisha usubiri pakauke kabla ya kupitisha tena. Ukikandamiza, koti limeng'oka.