Kadi ya mtandao haitaiokoa seva iliyokwama kwenye diski

Nimeletewa tena bei ya kadi ya mtandao "inayofanya kazi ya TCP yenyewe" (TCP ni utaratibu wa kufikisha data mtandaoni ikiwa kamili na kwa mpangilio), eti seva ya mafaili iache kusuasua. Seva hiyo ina laini ya gigabiti 1 na diski za mizunguko 7200. Jamani, hapana.

Gigabiti 1 ni megabaiti 125 kwa sekunde kabla hujatoa vichwa vya pakiti. SMB, itifaki ya Windows ya kushirikisha mafaili, ikikupa 110 na kidogo, hapo ndipo kikomo, na prosesa ya leo inafika hapo bila kuhema. Zamani mafundi walikadiria hezi 1 ya prosesa kwa kila biti 1 kwa sekunde, kwa hiyo gigabiti 1 ilimeza prosesa nzima ya gigahezi 1. Wakati huo hofu ilikuwa na msingi.

Kinachonikera ni kuchanganya mambo mawili. Kuna kazi ndogondogo ambazo kadi inazifanya bila kuhitaji kuukumbuka muunganisho: kukokotoa cheksamu (namba ya kuhakiki kuwa pakiti haijaharibika), kukata data kubwa kuwa pakiti, yaani TSO, na kugawa pakiti zinazoingia kwa viini mbalimbali vya prosesa, yaani RSS. Sehemu kubwa ya hizo unazo tayari, hata kwenye kadi iliyokuja na ubao mama. Kwenye Linux, andika `ethtool -k` na jina la kadi ujionee. (Ndiyo maana tcpdump, programu ya kunasa pakiti, inalalamikia cheksamu za pakiti zinazotoka: kadi bado haijazijaza. Usihangaike nazo.)

Jambo la pili ni kuikabidhi kadi muunganisho wote wa TCP. Hilo ndilo linalouzwa kwa maneno matamu, na ndilo lililoshindwa. Microsoft waliliingiza kwenye Windows Server 2003 kwa jina la Chimney, na kufikia Windows Server 2016 walikuwa wameshalitangaza kuwa la kuachwa. Wasimamizi wa mtandao kwenye keneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, walilikataa, na naona walikuwa sahihi. Tundu la usalama likionekana kwenye TCP ya keneli, unasasisha na kuendelea na kazi. Likiwa ndani ya famwea, programu iliyomo ndani ya kadi, unamsubiri mtengenezaji. Faiwoli yako nayo haizioni tena hizo pakiti.

Sasa piga hesabu ya diski. Mizunguko 7200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde. Nusu mzunguko ni milisekunde 4 na ushei, ongeza milisekunde 8 hivi za kichwa cha kusomea kuhama. Unabaki na uwezo wa kusoma mara 80 hivi kwa sekunde. Folda ya maelfu ya mafaili madogo itatambaa hata ukiweka kadi ya gigabiti 100, tena kila faili lina safari zake za kufungua, kusoma na kufunga.

Kadi zinapolipa ni kwenye RDMA, yaani kadi kusoma na kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine ya pili: SMB Direct (SMB juu ya RDMA), tangu Windows Server 2012, gigabiti 25 kwenda juu, diski za NVMe (za kasi, zisizozunguka), na pande zote mbili ziwe na uwezo huo. Hapo nunua.

Kuna jambo vitabu havilisemi. Seva ikileta vituko, huwa tunazima TSO na LRO (kadi kuunganisha pakiti zinazoingia kuwa kubwa) moja moja, hasa LRO kukiwa na daraja la mtandao la mashine pepe. Mara nyingine tatizo linaisha, na hatujui kama kosa lilikuwa la draiva au la kadi yenyewe.

Kabla ya kulipa, endesha iperf3 upime mtandao peke yake, kisha fio kwenye seva upime diski peke yake. Halafu fungua top, bonyeza 1 uone kila kiini cha prosesa. Samba, programu inayotoa SMB kwenye Linux, humpa kila mteja mchakato wake wa smbd, kwa hiyo kiini kimoja kinaweza kufika asilimia 100 huku wastani wa viini 8 ukisoma 12 tu.