Umande Hauna Kosa, Tazama Ulikokata Majani

"Majani yenye umande yanamharisha sungura." Basi vitoto vya wiki sita vinakufa kimoja kimoja, matako yamelowa, na mwenye banda anaapa kwamba majani aliyanyausha! Jamani, umande ni maji, na sungura anakunywa maji.

Kinachowaharisha sana wa wiki 5 hadi 12 ni koksidia, yaani Eimeria, vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwa sungura zinajulikana spishi 11. Kumi zinakaa utumboni, na moja, E. stiedae, inashambulia mirija ya nyongo ndani ya ini. Aliye nazo anaangusha mayai (si mayai hasa, lakini tuyaite hivyo) kwenye kinyesi. Yai likitoka haliambukizi. Linataka hewa, joto na unyevu kwa siku moja hadi nne hivi ndipo likomae. Ndiyo maana sungura anayekula kinyesi chake laini moja kwa moja mkunduni hajiambukizi, kwa hiyo mwacheni ale, anakihitaji.

Unyevu, basi, unahusika. Kinachoniudhi ni kwamba watu wameutafuta kwenye jani wakauacha sakafuni. Chupa inayovuja juu ya ubao wenye kinyesi ni kitalu cha koksidia. Halafu fuata mbolea inakokwenda: inamwagwa kwenye matembele nyuma ya banda, wiki mbili baadaye matembele yaleyale yanakatwa, yananyaushwa nusu siku, yanarudi kizimbani na mayai yaliyokwisha kukomaa. Jani limenyauka, yai halina habari. Kwenye udongo wa kivulini wenye unyevu linaweza kukaa miezi, na klorini hailitishi. Linamalizwa na joto kali na ukavu wa kweli.

Kwa hiyo kwangua kinyesi kila siku, kabla mayai hayajakomaa. Ubao usugue, umwagie maji yanayochemka, uuache juani hadi ukauke kabisa. Wavu wa chuma upitishie moto wa gesi polepole, baada ya kuwatoa sungura (ndiyo, inabidi kusema). Majani kata mahali ambapo mbolea ya sungura haijawahi kufika. Yakiwa na umande, kung'uta ulishe. Yaliyorundikwa mbichi hadi yakapata joto katikati, hayo tupa.

Majibu ya maabara nayo yasomeni kwa akili. "Eimeria ipo" si ugonjwa, kwani wakubwa wengi wanazo na wananenepa. E. perforans haina makali, ila E. intestinalis na E. flavescens zinaua. Na kuna vitoto vinavyokufa kabla yai lolote halijaonekana kwenye kinyesi, kwa hiyo "hakuna" nayo isikulaze usingizi.

Dawa: toltrazurili ya asilimia 2.5, mililita 1 kwa lita ya maji, siku mbili, kisha rudia baada ya siku tano. Chupa imeandikwa kuku, hivyo mhusishe daktari wa mifugo, hasa kuhusu siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Lakini amoksilini, ampisilini na linkomaisini za kunywesha, HAPANA. Zinafyeka bakteria wema wa utumbo, bakteria mbaya Clostridium spiroforme inapata nafasi, inamwaga sumu, na sungura aliyekuwa na kuharisha kidogo anakufa. Kumbadilishia chakula ghafla, au kumjaza pumba bila nyuzinyuzi, kunaweza kufungua mlango uleule.

Na si koksidia tu zinazoharisha: bakteria E. koli (hii si Eimeria) ipo pia, na rotavirusi. Halafu kuna ule ugonjwa wa utumbo wa sungura uliolipuka Ufaransa mwaka 1996 na 1997: tumbo limejaa, ukimtikisa linabwabwaja, ute unatoka kama wa yai bichi. Kisababishi chake hakijathibitishwa mpaka leo. Clostridium perfringens inashukiwa tu, na mimi nikiona dalili hizo sitaji jina kwa kumtazama mnyama kwa nje.

Mpasue aliyekufa. Ini lenye vinundu vya njano-nyeupe linaelekea E. stiedae: kata kinundu kimoja, paka usaha wake kwenye kioo, tazama mayai kwa hadubini. Vikiwa vifuko vidogo vyenye maji, hiyo ni tegu changa ya mbwa, na hapo swali ni mbwa gani anajisaidia kwenye majani yako.